Fundi Aliyeuliza Kila Kitu Kiko Wapi

Soda alikuwa hanywi mpaka aione inafunguliwa. Ukimletea chupa iliyokwisha kufunguliwa, hata kama povu bado linapanda, anaisogeza kando kwa mgongo wa mkono na kusema, "Hiyo kunywa wewe." Mara ya kwanza nilikasirika kweli. Jua la Nyakato saa saba mchana mnalijua lilivyo, nimetembea nayo kutoka kioski cha getini, halafu mtu ananikatalia. Nikamwuliza, "Fundi, unafikiri nimekutilia nini humo?"

Akanijibu bila kucheka, "Sifikiri chochote, Bwana Barafu. Sijaona tu."

Huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia habari zake. Jina lake ninalo lakini siliandiki, na mkifika mwisho mtajua kwa nini. Kiwandani mafundi walikuwa wengi, wa kompresa, wa umeme, wa mabomba, na kila mmoja alitajwa kwa kazi yake. Ukisema Fundi na kunyamaza hapo, basi ni yeye wa chumba cha kompyuta.

Mimi shule niliiacha darasa la nne, la tano nililifikia mlangoni nikarudishwa kuchunga ng'ombe, kwa hiyo mtanivumilia nikizunguka. Kazi yangu pale ilikuwa kutunza ufunguo wa vyumba vya baridi. Kilikuwa kiwanda cha minofu ya sangara, katika vile vilivyoota kando ya ziwa wakati ule mashirika ya umma yanauzwa na wawekezaji wanaingia. Samaki wanatoka mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, kwa malori, wanawake wanachuna ngozi na kukata, minofu inapangwa kwenye maboksi, inaingia kwangu kuganda. Sisi wa mjini tukabaki na vichwa na miiba. Ninyi mnaocheka mtu kula mapanki hamkuwa na watoto sita miaka ile.

Sasa, chumba cha kompyuta kilipakana na changu. Ndicho pekee kilichokuwa na kiyoyozi ukitoa ofisi ya Meneja, ndiyo maana kila mtu alikuwa na sababu ya kuingia humo. Huyu anauliza saa, yule anatafuta kalamu. Fundi alikuwa anawaangalia mikono. Anasema na wewe, anacheka hata, lakini macho yako mikononi mwako, kama mama mwenye duka anapoingiliwa na wanafunzi wanne kwa mpigo.

Alitoka upande wa Kagera, na alikuwa na kile Kiswahili chao kilichonyooka cha watu waliosomeshwa na mapadri. Tulitaniana sana. Mimi nikimwambia, "Ninyi Wahaya hata mkisalimiwa mnaomba ushahidi," yeye ananirudishia, "Na ninyi Wasukuma mkiambiwa ziwa limehama mnafunga mizigo kulifuata." Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ndugu zake walimletea kwenye mkebe, na hao senene alikuwa hali mpaka awachambue upya mmoja mmoja, ingawa waliwachambua dada zake mwenyewe, wa tumbo moja. Nikasema Fundi, hata dada yako? Akasema, "Dada yangu namwamini. Mkebe umepanda basi la Biharamulo."

Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Usiniambie ipo. Niambie iko wapi." Mtu akija na kusema, "Meneja kasema uchape orodha," yeye anauliza, kasemea wapi? Alikuwa amesimama au amekaa? Nani mwingine alikuwepo? Na usidhani ni kisirani. Mameneja pale walibadilishwa kama mashati, na kila mpya alikuta watu wakidai yule wa zamani aliwaruhusu hiki na kile. Fundi alikwisha kuungua mara moja, kwenye shirika alikokuwa kabla halijauzwa. Alibebeshwa kosa la kupotea kwa mikanda ya kompyuta ambayo, alivyoapa, haikuwahi hata kununuliwa. Tangu hapo akawa hivyo.

Lakini mtu yule yule, na hapa ndipo alinichanganya, alikuwa na baiskeli nzuri ya Kichina isiyo na kufuli. Anaiegemeza ukutani na yeyote anachukua. "Fundi, naazima baiskeli." "Chukua." Haulizi unakwenda nayo wapi wala utarudi lini. Siku nyingine ilirudi baada ya siku tatu, tairi la nyuma si lake, akaipanda akaenda nyumbani. Na nyumbani kwenyewe hakuna aliyekujua. Wengine walisema anakaa Mirongo, wengine Ilemela kwenye mawe kule juu. Ukimwuliza yeye anasema, "Huku huku."

Niseme kuhusu ile mashine, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea.

Haikuwa kama hizi za siku hizi za kubofya picha. Ilikuwa moja kubwa imekaa sakafuni ikinguruma, na waya zinatoka kwenda kwenye vioo viwili, kimoja cha Fundi na kimoja cha Karani. Vioo vyeusi, herufi za kijani. Unaandika neno, inakujibu. Saa nne tukinywa chai alikuwa ananieleza, nadhani kwa sababu alijua siwezi kumharibia kitu, kuandika jina langu tu ilikuwa inanichukua dakika nzima. Chai tulichemsha wenyewe, bila shaka.

Alikuwa ametunga programu, akaiita joto. Mle vyumbani kwangu kulikuwa na vipimo, vipimo vinapeleka baridi kwenye mashine kwa waya, na ukiandika neno joto inakutolea kiwango cha baridi cha kila saa. Karani aliichapa kila asubuhi kwenye karatasi. Saa ya kupimia baridi mlangoni pa chumba namba mbili ilikuwa imekufa siku nyingi, kila tukiomba nyingine tunaambiwa inakuja, kwa hiyo tulitegemea karatasi hiyo.

"Nikiandika joto," Fundi akaniuliza siku moja, "unadhani mashine inaijua ilipo?"

"Si ni yake? Itakosaje kuijua?"

"Haijui. Kila mtu anayeingia ana orodha yake ya vyumba. Mashine inaingia chumba cha kwanza kwenye orodha: joto yumo? Hayumo. Cha pili: yumo? Hapo hapo inamchukua, haiendi mbele tena."

"Na kama chumba cha tatu kuna joto mwingine?"

"Atakaa humo mpaka aote uyoga. Hakuna atakayemwita."

Akanionyesha namna ya kuuliza. Ukiandika which na jina, mashine inakutajia yule mmoja tu ambaye ingemwita kwa orodha yako wewe. Ukitaka kujua wote wa jina hilo, hapo unaituma itembee nyumba nzima kuanzia kwenye mkwaju ule mmoja, /, ambao ndio mlango mkuu wa kila kitu, iingie kila chumba na vyumba vya ndani. Niliyanakili kwenye daftari la mtoto wangu, ninalo mpaka leo: find / -name joto -print. Akasema watu wavivu wanaishia kwenye swali la kwanza. Akanionyesha na la tatu, ls -l, ambalo linakupa faili na siku lilipoandikwa, na jina la aliyeliweka. "Hapa hakuna kitu kisicho na mwenyewe," akasema. Nililiona kwa macho yangu, jina lake limejipanga kushoto kwa kila kitu alichotunga.

Sasa Karani. Alikuwa binti wa Kijita kutoka Musoma, mama yake mgonjwa, wadogo zake wanamtegemea. Mcheshi. Ndiye pekee aliyethubutu kumtania Fundi. Akipita na chai anasema, "Fundi, nimeionja mbele yako, nikianguka usinywe." Na Fundi anacheka mpaka anavua miwani. Kwa Karani nilimwona akinywa chai ambayo hakuona ikichemka.

Jumatatu moja asubuhi nikafungua namba mbili. Baridi ilikuwepo, ilinipiga usoni kama kawaida. Lakini maboksi ya chini yalikuwa yameloa yakaganda upya, minofu imeshikana madonge, rangi imegeuka, na harufu sisemi. Wiki ile ulikuwa mgao wa umeme, jenereta tulijua inawaka. Nikakimbia kuita watu. Ningejua, labda ningekimbilia upande mwingine.

Meneja, wakati huo alikuwa na miezi kama mitano pale, alikuja na karatasi za joto mkononi. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, hasi kumi na nane kila saa, safu imenyooka. Akazisoma kwa sauti mbele ya watu. Kisha akasema taratibu, "Chumba kilikuwa baridi muda wote. Samaki wa humu hawawezi kuoza. Kwa hiyo hawa hawakuwa humu. Wametoka nje. Ufunguo anao nani?"

Watu wote wakanigeukia.

"Wale wazuri umewapeleka wapi, mzee?"

Nataka mwelewe maana ya swali lile. Kwamba mimi nimetoa tani za minofu mizima, nikauza, nikajaza mibovu mahali pake. Na hesabu ilikuwa inakubali! Mimi mwenyewe, nikisimama pale, kwa dakika moja nilijishuku. Nikajiuliza, je, nilimpa mtu ufunguo? Polisi walikwisha kupigiwa simu. Mlinzi wa getini, niliyekuwa namgawia chumvi, alikuja kusimama nyuma yangu bila kuambiwa.

Fundi ndiye aliyesema, "Naomba robo saa."

"Ya nini?" Meneja akauliza.

"Hizo karatasi sijaona zimetoka wapi."

"Zimetoka kwenye kompyuta yako!"

"Kompyuta ni kubwa."

Tukaingia chumba cha kompyuta, Meneja, Karani, mimi na yeye. Meneja akaniamuru nikae kwenye stuli karibu na kioo cha Karani, aweze kuniona. Fundi akaanza kwenye kiti chake. Akaandika which joto. Kikatokea /usr/local/bin/joto, chumba alichozoea kuweka vitu vyake. Akaiita. Mistari ikaanza kushuka kiooni, na tarakimu zake zilikuwa zinapanda: hasi kumi na tano, hasi tano, sifuri, na kufikia Jumapili mchana nyuzi kumi na mbili juu ya sifuri. Kisha zinarudi chini mpaka Jumatatu alfajiri. Chumba kilikuwa kimekufa na kufufuka, na hakuna aliyejua.

Meneja akatazama karatasi zake, akatazama kioo. "Mashine moja inasemaje mambo mawili?"

Fundi akasimama. Akamwambia Karani, "Mama, nipishe hapo." Akakaa kwenye kiti cha binti, akauliza swali lile lile. Safari hii likatokea /usr/bin/joto. Chumba kingine. Akaiita. Hasi kumi na nane. Hasi kumi na nane. Hasi kumi na nane mpaka chini. Programu iliyokuwa haisomi kipimo chochote, imefundishwa kusema hivyo tu, na kwenye orodha ya Karani chumba chake kilitangulia.

Akaituma mashine itembee nyumba nzima. Ilichukua muda, inanguruma, taa yake ndogo inapepesa. Meneja amekunja mikono. Mimi jasho linanishuka na kiyoyozi kinapuliza. Ikarudi na mistari miwili. Joto wawili, basi, hakuna wa tatu.

"Nani kaiweka hiyo ya uongo?" Meneja akauliza.

Fundi akaandika ls -l. Na kabla herufi hazijatulia akaweka kiganja chake kwenye kioo, upande wa kushoto. Kama mtu anayeegemea. Akasoma kwa kuinamisha kichwa, akabonyeza kitu, kioo kikafutika.

"Mashine inasema ipo na iko wapi," akasema. "Nani, haisemi."

Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwenye kile kiganja. Sikuliona jina. Lakini nilijua mashine inasema, maana yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

Meneja akamgeukia Karani. "Kiti hiki anakaa nani?"

"Mimi, lakini hata sijui hiyo kitu inaandikwaje, bosi. Mwulize Fundi. Fundi, si unajua sijui?"

Fundi akasema, "Sijui anachokijua mtu." Hivyo tu. Akaanza kufuta miwani.

Kabla ya saa sita Karani alikuwa nje ya geti na mfuko wake. Polisi walipofika waliambiwa mambo yamekwisha. Mimi nikarudishiwa ufunguo wangu. Nilimshika Fundi mkono kwa mikono yangu miwili, nikamwambia umeniokoa, na mke wangu Jumapili iliyofuata akamtolea shukrani kanisani, mbele ya watu wote. Fundi mwenyewe hakupenda. Alisema, "Mwambie aache." Tangu siku ile chai ikawa inanichachia mdomoni. Nikimtazama naona kiganja. Nikawa mimi sasa ndiye ninayemwangalia mikono. Nilijiuliza anamficha nani, kama ni mkubwa fulani, kama alihongwa. Sikumwuliza. Kusema kweli niliogopa, jambo likifumuliwa upya lawama za ufunguo zitarudi kuwa zangu tena.

Miezi miwili mbele akaacha kazi. Alisema anarudi Bukoba kulima migomba. Baiskeli aliiacha pale pale ukutani, watu wakaendelea kuiazima.

Nilimwona tena baada ya miaka kadhaa, mchana, Ilemela, njia ya kuelekea uwanja wa ndege. Bukoba hakwenda kabisa. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio, amekonda, kola ya shati imemlegea shingoni. Aliponiona aliinuka, akakaa, akainuka tena.

"Bwana Barafu."

"Fundi."

Tulizungumza habari za watoto, za mvua, za viwanda. Kisha nikaona nisipouliza leo siulizi tena. Nikasema, "Lile jina."

Hakujifanya haelewi. Akasema, "Lilikuwa langu."

Akaeleza, macho yako kwenye redio iliyofumuliwa mbele yake. Yule meneja wa kabla alikuwa na wageni, wanunuzi, na chumba namba mbili kilikuwa kinasumbua. Akamwomba karatasi nzuri ya siku moja. Fundi akaitunga hiyo joto ya uongo, akaiweka pembeni kwake, na nakala nyingine akaiweka mahali ambapo Karani akiita ataipata. Wageni walipoondoka akafuta ya kwake, ile nakala ikamtoka akilini. Kisha akajaribu. Akaandika joto, ikaja ile ya kweli. Akaridhika kwamba imeondoka.

"Nilijaribu nikiwa kwenye kiti changu," akasema. "Kwenye orodha yangu chumba changu kinatangulia. Sikwenda kukaa kwenye kiti cha yule binti hata mara moja. Miezi, Bwana Barafu! Mimi! Miezi anachapa uongo wangu kila asubuhi, na mimi napita nyuma yake nakunywa chai yake."

"Na siku ile ulipoliona jina?"

"Niliona mikanda. Ile ya shirika. Nikasema hapana, mara ya pili siwezi."

Nilikuwa na hasira na nilikuwa na huruma, na chini yake kulikuwa na kitu kingine ambacho sikutaka kukiangalia. Akavuta droo, akatoa barua, imekunjwa mpaka mikunjo imechakaa, anakiri yote na sahihi chini. "Mpelekee. Wewe alikuwa anakuheshimu."

Nikamwambia barua atapeleka mwenyewe. Karani nilijua alipo, alikuwa anashona sare za shule Mirongo, kwenye kibaraza chenye cherehani tatu. Tukaenda siku hiyo hiyo, kwa miguu sehemu kubwa.

Alikuwa amenenepa, utepe wa kupimia uko shingoni. Akatuona. Akasimamisha cherehani. "Shikamooni," akasema, maana ni mtoto aliyelelewa. Mimi nikaitikia. Fundi akasogea mbele. Akampa ile barua. Binti akaisoma yote amesimama, polepole, akaikunja, akaiweka chini ya mkasi. Fundi akaanza kusema, mama nisamehe, yule binti akamnyooshea kiganja anyamaze.

"Wewe nilikujua siku ile ile," akamwambia. "Nilikuona ukifunika. Nikasema, huyu anaogopa, na mtu mwoga nitamfanya nini."

Kisha akanigeukia mimi.

"Ila wewe, mzee, nimekaa miaka yote hii sijapata jibu ulinyamaza kwa nini. Wewe ulikuwa karibu na kile kioo kuliko mimi. Na ulikuwa umekwisha kuachiwa."